Pokea Tu, Usipige

Jumatatu, tarehe 8 Novemba 1999. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yamefunika vilima vya Mbooni kama yanayotaka kunyesha, lakini kufikia saa mbili yalikuwa yametawanyika, na jua likawaka juu ya mashamba tuliyoyapanda ambayo hayakuwa yameota kitu. Naikumbuka hali hiyo kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Mwalimu Kiilu na daftari langu la ngumbaru, masomo ya watu wazima, nikiomba kimoyomoyo, "Bwana, maneno haya yawe ya kawaida tu."

Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza. Nilikuwa nimeyanakili kutoka kwenye simu ya mkono ya ndugu yangu Musembi, herufi kwa herufi, siku kumi na mbili zilizopita. Kiswahili nasoma. Kikamba nasoma pia, na Biblia yake nimeimaliza mara moja na nusu. Kiingereza, katika darasa letu la jioni, tulikuwa tumefika kwenye siku za wiki.

Mwalimu Kiilu alikuwa amerudi usiku kutoka Kikima, alikopelekwa kusimamia mitihani ya darasa la nane. Ndiyo maana ngumbaru ilifungwa wiki mbili. Alisoma ukurasa wangu akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi. Kisha akakiweka kikombe chini, akausoma tena.

"Mama Mbuvi," akaniuliza, "hii ilikuja lini?"

Lakini ni lazima nirudi nyuma kidogo, ili anayesoma ajue simu hiyo ilikuwa ikingoja nini.

Musembi ni kitinda mimba wetu. Alikwenda Uingereza mwaka wa 1990 na akapata kazi ya kufua nguo za hospitali. Huko alimwoa Ndila, msichana wa Mbumbuni hapa hapa, na wakazaa mtoto mmoja, ambaye kwa desturi yetu alipewa jina la mama yetu, Nzilani. Mtoto huyo aliharibika figo akiwa na miaka sita. Mara tatu kwa wiki alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Madaktari walipopima, waliona figo ya baba yake ingemfaa. Wakasema hawawezi kumpasua kabla hajapona maambukizi ya kifuani na kuongeza uzito, na hiyo ingechukua wiki kadhaa, pengine miezi.

Hapo Musembi akasema hawezi kukatwa kiungo cha mwili wake kabla mama hajambariki. Watu wengine watacheka. Lakini mwili wa mtu kwetu si wake peke yake, amepewa na mama, na mtu hatoi sehemu yake bila kumuuliza aliyempa. Musembi alikuja mwezi wa Agosti, akipanga kukaa wiki tatu. Siku ya sita, kabla hajapata nafasi ya kuketi na mama na kumweleza mambo ya figo polepole, mama alianguka jikoni. Upande wa kulia ulikufa na ulimi ukafungwa.

Musembi hakurudi. Wiki tatu zikawa sita, sita zikawa kumi. Alikuwa akimlisha mama, akimgeuza, akimwosha kama mtoto, akingoja ulimi ufunguke.

Nilimwambia siku moja, "Musembi, Mungu amesikia. Kanisa zima limekuombea. Hiyo si baraka?"

"Dada, Mungu namshukuru," akasema, bila kuacha kumsugua mama mguu. "Lakini figo hii nilitoka nayo kwa huyu."

Nikamsogezea beseni la maji.

Tumaini letu lote lilikuwa kwenye ile simu. Ilikuwa ya Uingereza, na laini yake ilikuwa ya huko, mkataba wa huko. Hospitali iliandika namba hiyo kwenye faili ya mtoto, na Ndila hakuwa na namba nyingine ya kutupata. Nguzo za simu za Mbumbuni ziliangushwa na mvua za El Nino na hakuna aliyekuja kuzisimamisha. Hospitali ikimwona mtoto yuko tayari, ingempigia Musembi, naye angekuwa na siku tatu za kufika. Tikiti ilikuwa tayari ndani ya Biblia yake.

Mbumbuni simu hiyo haikushika mtandao. Ilishika Sultan Hamud, karibu na barabara kuu, na hapo nilikuwa nikiuza mboga siku sita kwa wiki. Kwa hivyo Musembi alinikabidhi mimi. Tuliiweka dukani kwa Kinsi, ambaye tunamwita Mama Sugow, Msomali anayeuza vitambaa na sukari, kwa sababu ana umeme na meza yangu iko mbele ya mlango wake. Hospitali ikipiga, mimi ningechukua pikapu ya kwanza hadi nyumbani. Jumapili alasiri Musembi mwenyewe alikuwa akishuka Sultan Hamud kungoja Ndila, ambaye alipiga kila Jumapili saa kumi.

Siku aliyonipa simu alinionyesha kibonyezo cha kijani.

"Dada, sikiliza. Sikujua nitakaa hivi, kwa hivyo nimekuja na mkataba wa huko vile ulivyo. Usimpigie mtu. Hata dakika moja. Kupiga kutoka huku ni moto. Wewe pokea tu."

"Pokea tu, usipige," nikasema.

"Sema tena."

"Wee! Mimi ni mtoto?" Akacheka, nami nikacheka. Lakini nikarudia. Na Mungu ni shahidi wangu, nililishika neno hilo. Sikupiga simu hata moja.

Wa kwanza kuniomba simu alikuwa Kinsi. Dada yake Ijabo alikuwa Norwe na walikuwa hawajasikizana tangu vita viwatoe kwao. Kinsi alikuja na kikombe cha chai ya maziwa, akaketi kwenye gunia la sukari.

"Mama Mbuvi, kupokea si bure?"

"Ni bure. Anayelipa si yule anayepiga?"

"Basi Ijabo akipiga hapa, ndugu yako hadhuriki?"

"Atadhurika na nini, Mama Sugow?"

Wala sikuona kwamba nasema uongo. Tangu nikiwa msichana nimejua hivyo. Mtu akiwa na mwanawe Mombasa au Kampala, walikuwa wakiandikiana barua na kupatana siku na saa, kisha mzazi anakwenda kusimama kando ya kibanda cha simu cha posta mpaka kilie. Kikilia anaongea mpaka anachoka, anatembea nyumbani na shilingi zake zote mfukoni. Simu inayolia haijawahi kumlipisha mtu hapa kwetu. Nani angefikiri kwamba ipo simu inayomlipisha anayeitwa?

Ijabo alipiga siku ya Alhamisi. Kinsi alipoisikia sauti yake alikaa sakafuni nyuma ya kaunta, na wateja walimngoja bila kunung'unika. Siku iliyofuata soko zima lilijua.

Akaja Musyoka mwenye bucha, ambaye kijana wake ni dereva Saudia. Musyoka alikuwa akiongea kwa sauti ambayo ng'ombe wakiisikia wangegeuka.

"Unakula? Nauliza, UNAKULA?"

"Wewe Musyoka," Kinsi akamwambia, "kwa sauti hiyo simu ya nini? Simama tu hapo barabarani umwite, Saudia si atasikia."

"Mama Sugow, niache. Huyu kijana hasikii hata akiwa hapa."

Akaja mke wa mchungaji wetu, ambaye ana ndugu Botswana. Akaja Mama Ndululu kutoka Kikima, mwanamke mkimya, ambaye binti yake alikwenda Amerika na kwa miaka minne hakuandika. Nilimwandikia barua mimi mwenyewe, nikaandika namba ile kwa herufi kubwa. Binti alipiga. Mama Ndululu hakusema neno, alilia tu na simu sikioni, na binti naye akalia huko, mpaka Kinsi akageuza uso. Ile ilikuwa karibu nusu saa. Nilimshukuru Mungu siku hiyo. Nilisema, Bwana, umenifundisha kusoma nikiwa na miaka arubaini na saba, sasa naona sababu.

Basi nikaanza kuwapanga. Niliandika majina kwenye daftari, huyu Jumanne saa nne, huyu Ijumaa saa tisa. Kinsi akatoa benchi. Watu wakaniita Mwalimu. "Mwalimu yuko?" "Ngoja Mwalimu asome jina lako." Sikuchukua senti ya mtu. Lakini kuna malipo mengine, na hayo niliyachukua yote. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nikijiona mtu.

Jumapili hakukuwa na benchi. Niliwaambia watu Jumapili ni ya Ndila. Kwa hivyo Musembi hakuwaona. Nilijiambia simfichi, ni kwamba hajauliza. Mtu akijiambia hivyo mara mbili, ajue kuna kitu anachokificha.

Jumatano, tarehe 27 Oktoba, simu ililia mlio mfupi na picha ya bahasha ikatokea. Nikabonyeza, maneno yakaja. Niliona tarakimu, na neno moja tu nililolijua, Saturday, kwa sababu ya zile siku za wiki. Benchi lilikuwa na watu watatu.

"Ni nini, Mwalimu?" Musyoka akauliza.

Palikuwa na karani wa posta hatua ishirini kutoka pale. Palikuwa na wenye maduka waliomaliza shule ya upili. Ningemwita yeyote, angesoma kwa dakika moja. Lakini ningesema nini? Kwamba Mwalimu hajui kusoma?

"Ni salamu tu za kampuni," nikasema.

Nikayanakili maneno kwenye daftari, pole pole, nikijifanya naandika majina. Nilipomaliza nikagusa mahali na yakapotea kwenye simu. Niliona heri. Nilipanga kumwonyesha Mwalimu Kiilu Alhamisi, nijifunze, halafu nimwambie Musembi, "Ona, nimesoma ujumbe wa Kiingereza." Alhamisi tukakuta mlango wa darasa umebandikwa karatasi. Mwalimu amekwenda kusimamia mitihani.

Jumamosi adhuhuri vile vijiti vidogo vya mtandao vilipotea kwenye kioo cha simu. Kinsi akasema ni mlingoti. Ulikuwa na tabia ya kulala siku mbili tatu, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa. Jumapili Musembi akangoja saa kumi, saa kumi na moja, akaigeuza simu mkononi.

"Mlingoti umelala," nikamwambia.

"Na Ndila ana zamu ndefu wiki hii," akasema. "Sawa. Jumapili ijayo."

Wiki ile nzima vijiti havikurudi. Watu wa benchi walikuja, wakakaa, wakaondoka. Mimi nilianza kulala vibaya. Nikawa naomba nikiamka na nikipanga nyanya, na kila nilipofumba macho nililiona lile neno, Saturday. Bado sikulionyesha kwa mtu. Jumapili ya pili Ndila hakupiga tena. Musembi alirudi nyumbani, na kwenye giza la jioni nikamsikia akimwambia mama, "Kesho nakwenda Nairobi kupiga."

Ndipo asubuhi nikaenda kwa Mwalimu Kiilu.

Alinisomea kwa Kiswahili, akifuata mstari kwa kidole. Kampuni ilisema kwamba simu zilizopokelewa na kupigwa nje ya nchi zimepita kiwango cha mkataba. Ilisema pia kwamba mwenye laini amekaa nje kwa muda mrefu kuliko mkataba wake unavyoruhusu. Awapigie kabla ya Jumamosi. Asipopiga, laini itafungwa.

"Zilizopokelewa?" nikauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mwalimu, kupokea ni bure."

"Hapa kwetu ni bure. Hiyo laini ni ya kule. Anayempigia hujua anapiga Uingereza, analipa mpaka Uingereza. Kutoka Uingereza hadi Sultan Hamud analipa mwenye simu." Akanitazama. "Mama Mbuvi, ni nani amekuwa akipokea?"

Nilikalia kizingiti chake. Nakumbuka kuku akidonoa karibu na mguu wangu, na Mwalimu akiniambia nyanyuka, nenda umwambie ndugu yako kabla hajaondoka.

Nilimkuta Musembi barabarani akingoja gari, amevaa koti. Nikamwambia, "Laini imefungwa. Mwalimu amenisomea ujumbe." Akauliza kwa nini. Mdomo wangu ulikuwa na sababu mbili. Nikatoa moja.

"Wanasema umekaa nje sana."

Akafumba macho. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi na kukaa kwangu." Akapanda gari.

Sasa wajua dhambi yangu. Zile simu nilizipokea kwa kutojua, na kwa hilo nadhani Mungu atanihurumia. Lakini barabarani pale nilijua.

Alirudi kesho yake mchana, uso wake kama wa mtu aliyeopolewa mtoni. Hospitali ilikuwa imepiga tangu Jumatatu ya tarehe mosi. Mtoto alikuwa amepona kifua, uzito ulikuwa umefika. Chumba cha upasuaji kiliwekwa tayari kwa Ijumaa tarehe 5. Walipiga, Ndila akapiga, usiku na mchana, na kila mara sauti ya mwanamke iliwaambia namba hiyo haipatikani. Ijumaa ikapita. Jumamosi kifua kikarudi, kikali kuliko kwanza. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, na hakuna aliyetaja upasuaji tena.

"Anauliza mbona sipokei," Musembi akasema. "Ndila ameniambia. Anauliza, baba amekasirika?"

Ndege yake ilikuwa kesho yake. Kabla ya kuondoka alipiga magoti kando ya kitanda cha mama na kufungua vifungo vya shati. Alimweleza yote, mambo ya figo, kisu na Nzilani mdogo, kama mtu anayesikia na anayeweza kujibu. Mama alimtazama. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki, akaweka vidole mdomoni, akavilowesha mate, akampaka kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki. Mara moja, halafu mara ya pili. Mate yalimdondoka kwenye kidevu. Siku tisini alingoja ulimi, kumbe mkono ungetosha tangu Agosti. Na mimi pale ukutani, niliyekuwa nikimwambia maombi yatosha, sikuweza kuomba hata neno.

Baada ya hapo hatukuwa na njia ya kusikia chochote. Nilivunja benchi. Watu walipouliza niliwaambia mwenye simu amekwenda nayo. Mama Ndululu alikuja kutoka Kikima akiwa amevaa nguo zake za Jumapili, akasikia hivyo, akageuka akarudi.

Siku ya Jumatatu, tarehe 15, mama alizungumza. Nilikuwa nikimlisha uji. Neno lilitoka limepinda, lakini lilikuwa neno.

"Nzilani?"

Nikapiga kelele, majirani wakaja, tukaimba. Kesho yake akaongeza. "Nzilani wamemkata?"

"Bado, mama. Tunangoja simu."

Kila asubuhi akawa ananiuliza hivyo, nami kila asubuhi nikamjibu hivyo.

Barua ya Musembi ilifika Ijumaa tarehe 26. Niliisoma mwenyewe, nimesimama mbele ya posta. Ilikuwa ya Kiswahili chepesi, herufi kubwa kubwa, kama alivyozoea kuniandikia tangu nianze ngumbaru.

"Dada Muthoki. Nilifika Alhamisi. Nzilani alinijua, akanishika kidole. Alifariki Jumamosi tarehe 13 saa kumi na mbili asubuhi. Tumemzika huku kwa sababu hatukuweza kumleta. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Usimwambie mama kwanza. Dada, kampuni imenipa karatasi ya simu. Kuna namba za Norwe, Saudia, Amerika, Botswana, ni kurasa nne. Wanasema ndizo zilizofunga laini, si kukaa kwangu. Kukaa kwangu wangenisamehe. Sitaki pesa ya mtu. Nataka uniambie ni nani alikuwa na simu yangu. Pengine iliibwa kwa Kinsi ukaogopa kuniambia. Niambie tu, nipate kulala."

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, ndugu yangu huyo. Pengine iliibwa. Ningeandika neno moja, ndiyo, na lawama ingemwangukia Kinsi, Msomali mwenye duka, na nusu ya soko ingeamini bila kuuliza. Nilitembea na barua hiyo ndani ya nguo yangu Ijumaa na Jumamosi. Niliomba mpaka magoti yakavimba. Sikupewa maneno. Nilipewa tu uso wa Kinsi akikaa sakafuni nyuma ya kaunta.

Jumapili, tarehe 28, kanisa letu la Mbumbuni lilijaa, kwa sababu habari ya kifo ilikuwa imeenea, isipokuwa kwa mama. Kinsi alikuja kutoka Sultan Hamud kunipa pole. Hakuingia ndani. Wanawake walimtolea kiti akakaa kwenye baraza, karibu na mlango, buibui lake likionekana tokea ndani. Mwalimu Kiilu alikuwa safu ya tatu. Musyoka alikuja pia, na Mama Ndululu.

Mchungaji Muthama alituombea. Akasema kampuni za ng'ambo hazina huruma, zinafunga laini ya mtu mtoto wake akiwa mahututi. Watu wakaguna. Akasema tuchange kidogo kwa ajili ya Musembi na Ndila. Kisha akauliza kama kuna mwenye ushuhuda.

Nilisimama.

"Kampuni haikukosea," nikasema. "Ilituma barua kwenye simu siku tatu mbele. Ilikuja mkononi mwangu. Sikuweza kuisoma na sikutaka mjue kwamba sikuweza."

Watu wakageuza vichwa kunitazama.

"Mkataba wa Musembi ulikuwa unahesabu kila simu iliyopokelewa. Sikujua. Lakini simu ile sikupewa kwa ajili yenu. Nilipewa kwa ajili ya simu moja tu, ya Nzilani. Nikaigeuza benchi. Nilipenda kuitwa Mwalimu. Halafu Musembi akaniuliza, nikampa uongo aubebe. Ameubeba mpaka kaburini kwa mtoto wake."

Musyoka akasimama, kofia mkononi. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo. "Mama Mbuvi, hapana. Sisi ndio tuliongea. Mimi niliongea mambo ya bure kabisa. Nilimuuliza kijana habari za mpira."

Mke wa mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Mama Ndululu alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Kaa, Musyoka," nikasema. "Wewe uliitwa ukaja. Nyote mliitwa. Na kuna jambo lingine. Musembi ameniandikia kwamba pengine simu iliibwa dukani kwa Mama Sugow. Nimekaa na barua hiyo siku mbili bila kuijibu. Haikuibwa. Kila mtu hapa ajue hivyo."

Nikamsikia Kinsi kule mlangoni. "Mama Mbuvi," akasema, si kwa hasira. "Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukuuliza."

"Na mimi ndiye niliyekujibu."

Mchungaji alinyoosha mkono kama anayetaka kuniombea, niketi, mambo yaishe kwa amina. Nikamwambia, "Bado, Mchungaji." Kwa sababu tangu Jumatatu ile barabarani nimejua jinsi ninavyoweza kupata kitu cha kusema kilicho nusu ya kweli, na mara nyingi ni maombi yanayonisaidia kukisema. Nikawageukia. Niliwatafuta mmoja mmoja, Mwalimu Kiilu kwenye safu ya tatu, Musyoka aliyekuwa bado amesimama, Mama Ndululu, na Kinsi, ambaye sasa alikuwa ameinuka na kusimama kizingitini, nusu ndani nusu nje.

"Mama yangu ananiuliza kila asubuhi kama Nzilani amekatwa, nami namwambia tunangoja simu," nikasema. "Leo, kabla jua halijatua, nitaingia kwake nimwambie Nzilani amefariki, na kwamba simu ilikuwa kwangu. Usiku huu huu nitamwandikia Musembi, kwa mkono wangu, na jina nitakaloandika ni langu peke yake. Mwalimu, utaisoma barua kabla sijaifunga. Mama Sugow, wewe utanisindikiza mpaka mlangoni kwa mama, usiniache nigeuke. Mmenisikia nyote. Nimesema nitafanya, na nitafanya."